Mshahara wa Geita na Mche wa Karafuu



Katika kurasa hizi tumezoea kuandikiana habari za bei, za magunia, za mvua na za mchwa. Leo naomba nafasi nieleze jambo lisilopimwa kwa mizani ya kituo cha kununulia karafuu, nalo ni hili: kijana mwenye mshahara mzuri, tena wa uhakika, akitaka kuuacha ili afanye kazi ambayo moyo wake unaiona ina maana, sisi wakubwa wake tumwambie nini? Tumsifu, au tumkataze? Wengi wetu tunalo jibu tayari mdomoni. Mimi nami nilikuwa nalo. Nilisafiri nalo kutoka Wete mpaka Geita, na nikalitua huko huko.

Kisa chenyewe kilianza mwaka juzi, karafuu zikiwa zimeanikwa. Dada yangu alinijia uwanjani, simu mkononi. Mwanawe mkubwa ni fundi umeme, na wakati ule alikuwa ameajiriwa na kampuni moja inayotumikia mgodi wa dhahabu huko Geita. Alikuwa amemletea mama yake ujumbe mrefu kama barua. Alimwamkia, akamuuliza hali ya nduguze, kisha akasema kwamba anataka kuacha kazi arudi Pemba kupanda upya shamba la babu yake. Dada yangu akaniambia, "Huyu amerogwa. Nenda ukamtoe wazimu, wewe ndiye mjomba wake."

Si vigumu kumwelewa mama huyu. Mshahara wa mwanawe ndio ulioezeka nyumba kwa mabati, na ndio uliokuwa ukisomesha wadogo zake wawili, mmoja skuli ya sekondari na mmoja chuo cha ualimu. Kijana alikuwa na bima ya matibabu, alikuwa na akiba ya uzeeni, na kila mwezi fedha ziliingia siku ile ile, mvua inyeshe isinyeshe. Sisi wenye mikarafuu tunaijua thamani ya jambo hilo kwa sababu hatujapata kulionja. Mkarafuu hauna mwisho wa mwezi. Mwaka mmoja huzaa mpaka matawi yakainama, na mwaka unaofuata, pengine na wa pili wake, hukupa majani ya kutazama.

Basi nikafunga safari. Nilipanda boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi la kupita Dodoma, Singida na Nzega, mpaka Shinyanga mjini. Hapo nilikaa siku mbili kwa rafiki yangu wa zamani, mtumishi mstaafu wa idara ya kilimo. Aliposikia nilichokwenda kukifanya alicheka, akasema, "Kabla hujamkataza mtoto, twende nikuoneshe miti."

Akanichukua nje ya mji kuniangalisha ngitili. Neno hili ni la Kisukuma. Ngitili ni kipande cha ardhi kinachofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe haingii, shoka haliingii, mpaka kiangazi kiwe kikali na majani ya mahali pengine yawe yamekwisha, ndipo hufunguliwa. Kazi yake kubwa ni kungoja, na asiyeijua atadhani kungoja si kazi.

Rafiki yangu alinieleza kwamba nchi ile ilikuwa na miti mingi, kisha ikakatwa. Ilifyekwa kwa ajili ya kufukuza mbung'o, ikafyekwa tena kwa ajili ya mashamba ya pamba. Watu walipohamishiwa katika vijiji vipya miaka ya 1970, wengi waliziacha ngitili zao nyuma, na kitu kisicho na mwenyewe huliwa na kila apitaye. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipozuru mkoa ule aliuita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuita kwa kifupi HASHI. Wakati huo ngitili zilizoandikwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihesabiwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Nilimuuliza, "Miti yote hii nani aliipanda?" Akanijibu kwamba iliyopandwa ni michache. Iliyo mingi ilichipua yenyewe kutoka visiki na mizizi iliyokuwa chini ya ardhi, watu walipokubali kuiacha. Nikamuuliza tena kwa nini walikubali wakati ule na si kabla yake. Akasema, "Kwa sababu waliambiwa, kisha wakaona kwa macho yao, kwamba atakayengoja ndiye atakayevuna." Naomba wanachama mlishike neno hilo, nitalirudia mbele.

Jioni tulipokuwa tunakunywa chai, nilimtajia rafiki yangu habari za Dokta Williamson. Nani asiyezijua? Alikuwa mtaalamu wa mawe kutoka Kanada. Wengine walipokata tamaa ya kutafuta almasi katika nchi ile, yeye aliendelea kwa tabu na kwa mikopo, mpaka mwaka 1940 akaigundua Mwadui, mwendo mfupi kutoka Shinyanga. Alipofariki mwaka 1958 jina lake lilikuwa limeenea duniani. Nilitaka kusema kwamba pengine kijana wangu naye ni wa namna hiyo. Rafiki yangu akanizuia. "Waliotafuta wakapata," alisema, "hao ndio tunaosimuliana. Waliotafuta wakafa maskini hawana msimulizi. Usimpe mtoto mfano wa Williamson, utamdanganya." Nami naona alisema kweli. Mtu akikuambia ufuate moyo wako, na utajiri utakuja wenyewe, huyo anakuuzia bahati nasibu. Anayechagua kazi yenye maana na akubali tokea mwanzo kwamba huenda utajiri usije kabisa.

Kutoka Shinyanga nilipitia Kahama. Nje kidogo ya mji ule uko mgodi wa Buzwagi. Ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na kufikia mwaka 2021 uzalishaji ulikuwa umekwisha. Huo ni muda wa miaka 12 tu. Hebu tufanye hesabu yetu ya kikarafuu. Mche uliotiwa ardhini mwaka ule mgodi ulipofunguliwa ungeanza kuzaa kiasi cha mwaka wa sita, wa saba au wa nane, na mgodi ulipofungwa mti huo ungekuwa bado kijana, haujafikia nguvu zake. Mkarafuu ukitunzwa huishi kupita umri wa mtu. Iko Pemba mikarafuu ambayo wachumaji wa leo hawamjui aliyeipanda, wala babu zao hawakumjua.

Geita nayo ina habari hiyo hiyo. Dhahabu yake ilijulikana tangu wakati wa Wajerumani. Mgodi wa zamani ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1966, na kwa miaka hiyo hapana mgodi wa dhahabu katika Afrika Mashariki ulioupita kwa ukubwa. Kisha ukafungwa. Watu waliokuwa na mishahara ya uhakika wakajikuta hawana mshahara, na palikaa hivyo zaidi ya miaka 30, mpaka mgodi mkubwa wa sasa ulipofunguliwa mwaka 2000. Siyasemi haya kuwakebehi wenye migodi. Mgodi ni kitu cha kumalizika, na wao wenyewe hawafichi. Nasema tu kwamba neno "uhakika" tunalitamka kwa urahisi mno.

Nilifika Geita mchana. Mji ni mchangamfu: maduka ya pampu, ya kamba, ya mabuti na ya kofia ngumu, mahoteli ya chakula, na nje ya mji mlio wa makarasha yanayosaga mawe. Watu wa namna mbili hutafuta riziki yao kwa dhahabu pale. Wako walioajiriwa na makampuni, kama mpwa wangu, wenye zamu, mshahara na bima. Na wako wachimbaji wadogo, ambao ni wengi zaidi, wanaoshuka katika mashimo wanayoyaita maduara. Hawa wengi wao hawana ujira wa siku. Hupewa chakula, na mawe yenye dhahabu yakipatikana hugawana mifuko. Yasipopatikana wamepata chakula tu. Kisha dhahabu huikamata kwa zebaki, na kuichoma zebaki hiyo huku moshi wake ukiwaingia kifuani.

Nani hakumbuki ya Nyangalata, upande wa Kahama? Mwezi wa Oktoba 1985 sikusema, ni juzi tu, mwaka 2015: shimo liliporomoka, wachimbaji wakafukiwa, na baada ya siku 41 watano walitolewa wakiwa hai, wameishi kwa kula vyura na wadudu gizani. Mwenzao mmoja alikuwa amekufa huko huko chini. Nimelitaja jambo hili kwa sababu wako vijana wa visiwani wanaodhani kwamba kuacha karafuu kwenda dhahabu ni kuacha bahati na kwenda kwenye uhakika. Aendaye kwenye duara haendi kwenye uhakika hata kidogo. Mshahara wa kampuni ni jambo jingine, na huo ndio mpwa wangu aliotaka kuuacha.

Tuliketi chumbani kwake usiku. Nilianza maneno niliyoyachukua kutoka nyumbani: mama yako, wadogo zako, mabati, heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu. Kisha akasema, "Mjomba, kazi yangu ni kuhakikisha pampu hazizimi. Nikifanya vibaya, watu watapata madhara. Nikifanya vizuri, kinachobaki ni shimo lililozidi kina. Babu alipanda, mimi nimekula na nimesomeshwa. Mimi nitakuwa nimeacha nini?"

Nilimjibu kwamba kazi ya pampu ina maana kubwa, kwani roho za watu ziko juu yake, na kwamba dhahabu ile ile inajenga barabara na mahospitali. Hakubisha. Alisema, "Kweli, Mjomba. Ninao wenzangu wanaoipenda kazi hii, wakiamka usiku kwenda zamu wanakwenda kama waendao harusini. Mimi si wao. Nikiwa kazini nahesabu saa. Nikija likizo nikiwa shamba, jua huzama sijaliona."

Hapo ndipo nilipoanza kupungukiwa na maneno. Maana kijana hakusema kwamba dhahabu ni haramu na karafuu ni halali, wala kwamba mji ni mbaya na shamba ni zuri. Angesema hivyo ningemshinda mara moja. Alisema tu kwamba kazi ina maana kwa mtu fulani na haina kwa mwingine, na yeye amejijua ni yupi.

Asubuhi nilimpigia simu dada yangu nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akanijibu neno ambalo tangu siku ile sijalisahau. Alisema, "Kaka, hiyo maana haichemki chunguni."

Wanachama, hili ndilo jibu lenye nguvu kupita yote, na wanaosifu kazi za moyo mara nyingi hulikwepa. Dada yangu amesema kweli. Maana haichemki chunguni, hailipi ada ya skuli, haimnunulii mgonjwa dawa. Mtu asiye na mke, wala mzazi, wala ndugu wa kumtegemea, akiamua kuishi kwa muhogo mkavu ili afanye kazi aipendayo, hiyo ni khiari yake na Mungu amsaidie. Lakini nyumbani kwetu ni nani asiye na anayemtegemea? Kijana angerudi siku ile ile, bei ya khiari yake asingeilipa yeye. Angeilipa mdogo wake wa kike kwa kutolewa skuli, na mama yake kwa kukopa. Kuchagua kazi yenye maana kwa gharama ya mtu mwingine asiyeulizwa si ushujaa. Ni kumtwika mwenzio mzigo kisha ukasifiwa wewe kwa kutembea wima.

Tena tusijidanganye kwamba karafuu ni kimbilio la salama. Miaka ya 1980, Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilipojitosheleza kwa karafuu zake, bei iliporomoka, na wangapi kati yetu waliacha mashamba yakaota msitu? Mwaka 1872 kimbunga kiliiangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote. Na mkarafuu nao huua. Hapana mtaa usiomjua mtu aliyeanguka mtini. Kuna jambo jingine la kuliona haya. Wengi wa waliopanda mikarafuu ya kwanza ya visiwa hivi walikuwa watumwa. Hawakuulizwa kama kazi ile ina maana kwao. Hali hiyo haikuondolewa kisheria hapa kwetu mpaka mwaka 1897. Basi anapokuja kijana leo akasema, kwa khiari yake, "Nataka kupanda," anasema neno ambalo watu wengi waliofia chini ya miti hii hawakupata nafasi ya kulisema. Haifai tumjibu kwa dhihaka.

Sasa nitoe rai yangu. Uhakika kamili haupo, si Geita wala Wete. Mgodi hufungwa, bei huanguka, upepo huvuma. Kwa kuwa haupo, si haki kumtaka mtu autoe umri wake wote kuununua. Lakini kwa kuwa chungu ni cha kila siku, si haki pia mtu auache mshahara wake ghafula na kuwaachia wengine njaa. Njia iliyo baina ya mambo haya mawili ni kujiuliza maswali matatu. Kwanza, nani atalipa bei ya khiari yangu, na je, amekubali? Pili, nitakula nini katika miaka ya kungoja? Tatu, nitakachokiacha nyuma kitakuwa cha nani? Mwenye majibu ya maswali haya na aende, hata kama mshahara anaouacha ni mkubwa namna gani. Asiye nayo na angoje kwanza ayapate.

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Mpwa wangu alikubali kubaki Geita mwaka mmoja na miezi. Katika muda huo aliweka kando fedha za kumalizia masomo ya wadogo zake wote wawili, na akamkabidhi mama yake mwenyewe, mkononi. Dada yangu hakufurahi, lakini alikubali. Na baina ya kukubali na kufurahi, mimi nadhani tuna haki ya kudai la kwanza tu. Masika ya mwaka huu kijana alirudi. Amepanda miche 80, amepanda na migomba na muhogo kati yake, vimpe miche kivuli naye vimpe chakula. Miche 17 imekwisha kufa, mingine kwa mchwa na mingine kwa jua. Jioni hutengeneza umeme katika nyumba za watu, na hiyo ndiyo fedha yake ya samaki na mafuta. Kipato chake hakifiki robo ya alichokuwa akikipata. Sijui atavumilia au hatavumilia, na yeye mwenyewe hajidai kujua.

Lakini sikuandika makala hii ili kuwahadithia habari za kijana wangu. Nimeandika kwa sababu ya neno la rafiki yangu wa Shinyanga, kwamba atakayengoja ndiye atakayevuna. Na hapa sina budi kuungama.

Shamba lile la baba, ambalo kijana alitaka kulipanda, ni mimi niliyekuwa nikilisimamia. Kwa miaka mingi mti ukifa sikupanda mwingine. Mapengo yalikuwa mengi kuliko miti. Na niliposafiri kwenda kumkataza kijana, moyoni mwangu mlikuwa na sababu ambayo sikumwambia dada yangu wala mtu yeyote: niliogopa kwamba akirudi, akapanda na kupalilia, siku ya kuchuma ataniuliza fungu lake. Nilikuwa nikimtaka abaki kwenye mshahara kwa ajili ya amani yangu. Nilipoiona ngitili nilijiona mimi mwenyewe. Ardhi iliyokauka kwa sababu aitunzaye hana uhakika wa kuvuna, hiyo ni ya kwangu.

Je, ni mimi peke yangu? Tukikutana mkutanoni twalalamika kwamba vijana wameikimbia karafuu, kwamba wanapenda miji, kwamba hawana subira. Twawasifia kazi ya mikono na heshima ya shamba. Kisha kijana huyo huyo akija, twamwajiri kuchuma kwa pishi, twamcheleweshea malipo yake, na mti anaoupalilia twamwambia ni wetu. Hiyo si kumwita kwenye kazi yenye maana. Kazi ina maana kwa mtu anapoona kwamba jasho lake limeingia katika kitu ambacho yeye au wanawe watakikuta. Ukimwondolea hilo, umembakishia kazi ya kijungujiko, na kama ni kijungujiko, afadhali kile cha Geita chenye bima.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu, na naomba yaingizwe katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao.

La kwanza, kila mwanachama mwenye mapengo shambani mwake ayahesabu na kuleta idadi yake kwa katibu wa tawi. Tusione haya. Yangu yalikuwa 112 kabla kijana hajaanza.

La pili, Chama kitayarishe karatasi ya mapatano, fupi na kwa lugha nyepesi, baina ya mwenye shamba na kijana apandaye na kutunza. Iandikwe humo fungu lake katika miti aliyoipanda, na iandikwe kwamba fungu hilo halifi kwa kufa kwa mzee wala kwa kuuzwa kwa shamba. Mimi na mpwa wangu tumekwisha andikiana, mbele ya Sheha na mashahidi wawili, na dada yangu ni mmoja wa mashahidi hao.

La tatu, katika fedha za Chama litengwe fungu dogo la kuwakopesha wapandaji wapya katika miaka yao ya kungoja, walipe mti unapozaa. Miche si tatizo kubwa, kwani Serikali imekuwa ikiigawa. Tatizo ni miaka sita au saba ya chungu. Dada yangu alisema maana haichemki chunguni. Basi tuweke kuni kidogo chini ya chungu hicho, maana faida ya miti ile itakuwa yetu sote.

Najua watakuwako wanachama watakaosema kwamba Chama ni cha karafuu na si cha kulea vijana wa watu. Nawaomba waende shambani asubuhi moja, wasimame chini ya mti mkubwa kuliko yote walio nao, wajiulize aliyeupanda alikula kiasi gani cha matunda yake. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Vijana wetu watakwenda Geita, watakwenda Maskati, watakwenda kote waendako wenye kutafuta. Siku mmoja wao atakaporudi kwa khiari yake na jembe mkononi, nisingependa akute ngamani pamejaa maji.

Mwanachama,
Wete, Pemba